Mililita Mia Tatu

Jumanne saa mbili asubuhi Obbo alikuwa amechuchumaa kwenye gereji yake ya Mukuju, akisafisha kabureta kwa mswaki wa zamani, Kevina alipoingia na chupa ya soda. Alikuwa ametoka Busia kwa bodaboda, na chupa ameifunga kwenye kitenge isimwagike. Aliiweka juu ya benchi, kati ya spana na sahani ya muhogo.

"Fundi, nimeleta. Imetoka kwa kaburi."

Obbo alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akamimina kilichokuwamo kwenye jagi lake la kupimia. Ilikuwa oili ya injini, safi, ya rangi ya asali, oili ambayo haijawahi kuona moto. Ilipanda hadi mililita mia tatu, ikasimama hapo. Aliinusa. Ilikuwa ya aina ileile anayotumia yeye. Akamsogezea Kevina kigoda.

"Imeanza lini?"

"Jumapili. Mi nafikiri ni maji ya mvua. Nashika, naona ni oili. Nachota yote na kijiko, asubuhi inakuja ingine."

"Kipimo hikihiki?"

"Hii hii. Haizidi, haipungui."

Obbo hakuuliza kwa nini mia tatu. Yeye ndiye aliyezitoa.

Okochi, mume wa Kevina, alikuwa dereva wa pikipiki ya mashindano ya Jared. Jared anauza vipuri Busia, upande wa Kenya, na anapenda ushindi kuliko anavyopenda kula, ingawa kula nako anakupenda. Alimpa Obbo injini aitengeneze iwe ya mbio, na kazi hiyo Obbo aliiweza. Alipanua silinda, akaweka pistoni kubwa zaidi, akasaga njia ya kuingizia hewa mpaka ikang'aa kama sahani ya wageni. Jared akataka zaidi. Hapo ndipo walipofika kwenye oili.

Injini ile hujazwa lita moja. Ukijaza mpaka mstari wa juu wa kile kioo kidogo cha ubavuni, krenki, mhimili wa ndani ya injini, huzunguka huku ikiipiga oili, kama mtu anayejaribu kukimbia ndani ya mto, na nguvu kidogo hupotelea humo. Ukipunguza oili, injini inakuwa nyepesi. Lakini pikipiki ikipanda mlima mkali, ile kidogo iliyobaki hukimbilia nyuma, pampu ikavuta hewa tupu, na pistoni ikagandana na silinda. Obbo alilijua hilo, na alimwambia Jared. Jared alisema toa mia tatu, naye akatoa mia tatu.

Siku ya mashindano injini ilishika kwenye mlima wa mwisho. Gurudumu la nyuma lilijifunga, Okochi akarushwa juu ya usukani, akaangukia mawe. Alikuwa na miaka thelathini na moja na binti mmoja, Nasirumbi.

Kwa kina Okochi maiti haifukiwi kabla mtu hajasimama kusoma ripoti, kueleza amekufaje. Kwa kuwa Obbo ndiye aliyefika wa kwanza pale mlimani, familia ilimpa yeye kazi hiyo. Asubuhi ya mazishi Jared alimletea karatasi, imechapwa vizuri. Obbo aliisoma mbele ya watu zaidi ya mia mbili: pikipiki ilikuwa nzima, dereva alikuwa ametoka kunywa. Okochi alikuwa ameokoka mwaka wa sita, na hata soda nyeusi alikuwa akiitazama kwa wasiwasi. Ulikuwa uongo mchafu, na aliyeusoma alijua ni uongo, na sauti yake haikutetemeka. Gereji ya Obbo imejengwa kwenye kiwanja cha Jared. Sababu ni hiyo, usitafute nyingine.

Mchungaji naye akasema jina la mtu aliyekufa mlevi haliwezi kuingia kwenye orodha ya marehemu inayosomwa kanisani. Hilo ndilo lililomuuma Kevina kuliko jeneza.

"Simama tena, fundi," alimwambia pale kwenye kigoda. "Sema vile ilikuwa. Watu wasikie. Mi sitaki kitu ingine."

"Nitaangalia, mama Nasirumbi."

Mtu anayesema ataangalia huwa ameshafumba macho. Kevina alilijua hilo. Alichukua kitenge chake akaenda.

Jumanne iliyofuata alileta kidumu cha lita mbili kilichojaa, na kichupa cha dawa chenye mililita mia moja za juu. Akawa anakuja hivyo kila wiki. Madereva wa bodaboda wa Mukuju waliijaribu oili hiyo, wakasema ni nzuri, haitoi moshi. Jared alisikia, akaja, akachovya kidole na kukisugua kwa dole gumba.

"Hii ni poa sana, fundi. Usinunue ingine. Tumia ya Okochi."

Obbo akatumia ya Okochi.

Mwezi wa tatu tangu mazishi familia ikapanga kusakafia kaburi. Jared alitoa saruji mifuko mitano bila kuombwa, kwa kuwa kwenye mambo ya saruji ni mkarimu. Mwashi aliitwa Ekaju, mtu wa kazi safi na maneno machache. Alipiga plasta Alhamisi, Ijumaa akaikuta laini kama uji, oili imepenya katikati. Aliikwangua, akapiga upya. Jumamosi, siku waliyoalikwa wageni, ilikuwa vilevile. Ekaju alifuta mwiko wake kwenye nyasi.

"Hii kaburi inakataa," aliwaambia wazee wa familia. "Kule Kiyeyi ingine ilitoa maziwa miezi mbili. Hapa nani alisoma ripoti?"

Watu wote wakamgeukia Obbo. Hawakuwa na hasira. Walimtazama kama mtu aliyezuia foleni.

Obbo alisimama. Safari hii hakuwa na karatasi, na sauti ilimtetemeka. Alisema Okochi hakuwa amekunywa. Alisema injini ilikuwa na oili mililita mia saba badala ya elfu moja, kwamba tajiri ndiye aliyeagiza zipunguzwe, na kwamba aliyefungua nati akazimwaga ni yeye mwenyewe, kwa mkono huu. Akaunyanyua mkono. Kisha akaketi. Alijisikia mwepesi, akaona aibu kwa wepesi huo.

Ekaju alibonyeza saruji kwa kidole. Ilikuwa imeshika.

Mchungaji alitoa daftari, akauliza jina la Okochi linaandikwaje, akaandika. Kevina alilia kwa sauti, mara moja tu, kisha akajifuta. Jared naye alisimama. Alimshukuru fundi kwa ujasiri wake, akasema mashindano ni mashindano na kila mtu ana siku yake, akawatangazia watu kwamba chakula kiko tayari. Palikuwa na askari polisi mmoja aliyekuja na sare. Alipakuliwa wali na vipande vinne vya nyama.

Pikipiki ileile ya mashindano, Obbo ameshaifufua injini, ilikuwa pale pale, juu ya pikapu ya Jared, kwa sababu Jumapili mbio zilikuwa Tororo na walikuwa wanaondokea hapo kaburini. Dereva mpya alikuwa Vincent, mdogo wake Okochi, mtoto wa mwisho wa mama yao. Alimfuata Obbo akiwa bado na sahani mkononi.

"Fundi, ya mbio za kesho umeacha oili ngapi?"

"Lita nzima. Nimejaza mpaka mstari."

"Toa mia tatu."

"Vincent, si umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Pia nimesikia kumbe ndiyo sababu kaka alikuwa anawapita wote. Na lita nzima, wale wa Malaba wataniacha kwa vumbi. Mi nitachunga ile mlima."

Jared alikuwa nyuma yao akilamba vidole. "Kijana anajua kile anataka," alisema.

Kevina alisogea. "Shemeji, usipande hiyo kitu."

"Shemeji, nakuja na kombe. Utaona."

Obbo alimtazama Kevina, akamtazama Jared, akatazama barabara iendayo Mukuju, kwenye gereji. Kisha akapanda kwenye pikapu, akalegeza nati ya chini. Oili ilitoka taratibu. Aliipima kwenye jagi kwa uangalifu, kwa maana yeye ni fundi mzuri, na ilipofika mia tatu akakaza nati, akaifuta kwa kitambaa. Vincent aliwasha injini, akaisikiliza, akacheka kwa furaha. Ilikuwa nyepesi kweli.

Ekaju alikuwa ameshaosha mwiko na karai. Alimwendea Kevina, akamwonyesha mifuko miwili ya saruji iliyobaki chini ya ukuta.

"Mama, hii nirudishie tajiri?"

Kevina aliitazama pikapu ikitoka, Vincent amekaa nyuma ameshika usukani wa pikipiki.

"Hapana," alisema. "Weka ndani ya nyumba. Isipate maji."