Shahidi wa Yai Moja

Jumapili asubuhi niko peke yangu maabara, na nani mwingine awe mjinga hivyo? Nikafungua kabati la joto, nikatoa sahani ya mgonjwa wetu, mwalimu wa hesabu. Mayai yake matano tuliyatoa Ijumaa yakiwa machanga kabisa, tukayaweka kwenye maji ya homoni yakomae huku nje ya mwili. Jumatatu anaanza dawa za saratani, na dawa hizo huenda zisimbakizie hata yai. "Hata moja tu, dada," aliniomba. Nikamjibu hapa si sokoni pa kuchagua. Ulimi wangu huu!

Manne yalikuwa yamegoma. La tano lilikuwa limetoa kile kidoti pembeni, alama ya kukomaa.

"Ehee! Umeiva, mama!" nikaliambia, maana hakukuwa na mwingine wa kumwambia.

Sasa kazi ikaanza. Kwetu yai halikutani na mbegu mpaka watu wawili wasome majina kwa sauti, la kwenye sahani na la kwenye kichupa cha mume, kisha watie saini. Mwenzangu kasafiri. Kwenye orodha ya mashahidi kabaki mmoja, muuguzi wa wodi ya juu, mdogo wangu wa tumbo moja. Miaka mitatu hatusemezani, tangu nilipomwambia msibani, mbele za watu, kwamba uzembe wake yeye ndio uliomuua mama. Haikuwa kweli. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Yai lililokomaa halingoji watu wapatane. Nikampigia simu.

Alikuja. Juu ya barakoa yalionekana macho tu, macho ya mama yaleyale. Akasoma majina, nami nikasoma. Nikalidunga yai sindano, nikaingiza mbegu moja. Akatia saini.

"Mdogo wangu," nikaanza.

"Kuna pengine pa kusaini, daktari?"

"Hapana."

Akaondoka.

Jumatatu nilichungulia hadubini: viini viwili, cha mke na cha mume, ubavu kwa ubavu. Limeshika! Nikampigia mwalimu, yuko kitandani anasubiri dripu. Akalia, na nyuma yake nikasikia mama yake akipiga vigelegele.

"Na wewe waambie wa kwenu, dada, wafurahi pamoja nasi!"

"Nitawaambia," nikasema.

Nikapiga simu wodi ya juu. Iliita mpaka ikakatika.