Chiriku wa Fungu la Wifi

Nyanda za Menz zilipofunguliwa watu wakate majani ya kuezekea, kura ilimpa Asnakech fungu la mawe matupu. Wifi yake, Yeshimebet, akapata bonde lenye majani ya kufika kiunoni, marefu na laini, hata ng'ombe angeona haya kuyakanyaga. Asnakech alimpa hongera kwa mdomo, lakini roho ilimchoma. Paa lake yeye lilivuja juu ya kitanda. La wifi lilivuja juu ya kuku!

Akirudi, alipita kwenye lile bonde. Kichakani alimwona ndege mdogo wa kahawia, kifua kimejaa michirizi. Hakungoja. Akaenda mbio kwa Gizachew, mlinzi wa majani.

“Mzee Gizachew, yule chiriku wa michirizi, yule adimu, yumo kwenye fungu la Yeshimebet!”

Sheria aliijua: akionekana huyo, fungu halikatwi mpaka makinda yaruke. Na mvua zilikuwa mlangoni.

Walimkuta Yeshimebet anajaribu makali ya mundu kwa kidole.

“Wifi, umeanza lini kupenda ndege?” Yeshimebet akauliza aliposikia habari.

“Tangu walipoanza kukupenda wewe.”

Gizachew alichuchumaa mbele ya kichaka, akakodoa macho. “Michirizi ipo. Lakini mbona bawa lina umanjano?”

“Jua hilo,” Asnakech akasema.

“Jua gani la kupaka ndege rangi, mama?”

Yule ndege akatetemesha mabawa, akaachama kinywa, akalia njaa. Papo hapo akatua chiriku wa manjano, kichwa cheusi tii kama kavaa kofia ya sufu, yule yule anayedonoa kwenye kila ua wa nyumba, akamlisha mdomoni.

Gizachew alicheka mpaka akakaa chini. “Adimu wako ana baba, na baba mwenyewe tunamfukuza kwenye shayiri kila siku! Kinda hili. Likikua, kichwa kitaingia weusi.”

Asnakech alitamani ardhi ipasuke.

“Shika mundu huu,” Yeshimebet akasema. “Anzia huko kwenye kijito, majani ya huko ni yako. Kitanda kikilowa utakuja kulala kwangu, na wewe unakoroma.”

Asnakech akaupokea. Alikata mpaka kiuno kikamuuma, majani yakilala manene miguuni pake, na bado moyo haukutulia. Hata moyo huo wa ukarimu, kwa nini nao apewe Yeshimebet, asipewe yeye?