Mzizi Uliochemshwa kwenye Sufuria ya Chai

Tuanze na uvundo, kwa kuwa ndio ulionipokea.

Tangi la samaki katika ofisi ya Mkuu wa Shule lilikuwa na urefu wa meza na harufu ya soksi za bweni zima. Kioo kilikuwa kimeota utando wa kijani unaoteleza kama makamasi. Mimea ilikuwa imeoza ikawa uji. Konokono wadogo kama punje za mtama walipandana migongoni bila haya. Samaki watatu waliosalia walijibanza pembeni wakihema, wala sikuwalaumu.

Kulisafisha ndiko kulikokuwa adhabu yangu. Kosa lenyewe, la kuivika sanamu ya mwanzilishi wa shule sidiria ya matroni, limekwisha kujadiliwa vya kutosha mstarini. La kukumbuka ni barua. Mkuu wa Shule, mama mnene wa sauti na mwembamba wa tabasamu, aliishika mbele ya pua yangu: barua ya kunifukuza, imeandikwa kwa mama yangu, imepigwa muhuri. Ilikosa tarehe tu.

"Jumamosi wazazi wanakuja," alisema. "Tangi liwe la kutazamika. Na kituko kimoja zaidi, kimoja tu, binti, naijaza tarehe."

Mwalimu wa Biolojia akanitandazia michoro mitatu ya kulipanga tangi upya.

"Huu ni mtindo wa Kiholanzi. Mimea mitupu, imepangwa kwa safu na kwa rangi, hakuna jiwe wala mti."

"Kama sisi mstarini."

"Huu wa Kijapani. Mawe machache, na majani mafupi yaliyotambaa chini."

"Kama kichwa cha mwalimu wa hesabu."

"Mdomo huo ndio utakaokurudisha kwenu. Wa tatu ni wa msitu: mzizi mkubwa katikati, mimea inaota ovyo."

Nilichagua msitu papo hapo. Mtindo ambao ndani yake uvivu unaitwa sanaa si wa kuachwa.

Aliniagiza mzizi wa mtoni. Mto uko mbali na jua lilikuwa kali, ilhali mtaro wa nyuma ya mabafu uko karibu. Humo mlikuwa na mzizi mzuri, wenye matawi kama vidole, umelala siku nyingi katika maji ya sabuni, mafundo ya nywele, konokono, na mambo mengine ambayo shule ya wasichana mia nne inayajua lakini haiyataji. Nikauvuta kwa vidole viwili huku nimeziba pua. Mwalimu nikamwambia ni wa mtoni.

"Uchemshe saa mbili nzima," alisema. "Utoe rangi yake, na usielee."

Sufuria iliyoutosha ilikuwa moja tu, ile ya chai ya walimu. Sikuomba ruhusa, kwa kuwa mpishi wetu, Babu Mwiko, alikuwa amelala juu ya magunia, na mzee akilala haamshwi. Baada ya saa mbili maji yalikuwa ya kahawia iliyoiva, yenye povu la kijivu. Nikautoa mzizi, nikaubeba hadi bombani kuusugua kwa mswaki ambao mwenyewe simtaji. Maji nikayaacha motoni, nikijua nitarudi kuyamwaga.

Niliporudi, Babu Mwiko alikuwa anaiosha sufuria huku akipiga mluzi.

"Babu, yale maji yaliyokuwa humu?"

"Maji gani? Ile chai, mjukuu wangu! Nimeamka nimekuta mtu mwema ameshaibandika, imekolea hasa. Nimetia sukari na maziwa tu. Walimu wanakunywa."

"Uliionja?"

"Mimi na kisukari changu?"

Nilikimbia. Mlangoni pa chumba cha walimu nikasimama ghafla. Mkuu wa Shule alikuwa ameinua kikombe. Nikinyamaza, hakuna atakayejua, na barua itabaki bila tarehe. Kisha nikaliona lile povu ukingoni mwa kikombe, nikaukumbuka mtaro, nikapaza sauti.

"Msinywe! Hayo ni maji ya mzizi wa tangi!"

Walimu wakaangua kicheko. Avumaye baharini papa.

"Unatuona watoto?" akauliza Mkuu. "Tuimwage, halafu ukatucheke bwenini?" Akanikazia macho, akakimaliza kikombe chote, kwa mafunda marefu, mpaka chini. "Chai tamu. Imeko..."

Polepole akatoa ncha ya ulimi, akabandua kitu kwa vidole viwili, akakiweka kwenye kisahani. Konokono, mdogo, ameiva.

"Mzizi ulitoka wapi?" akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Mtoni," Mwalimu wa Biolojia akanijibia.

Hapo ningeweza kupona nusu.

"Mtaroni," nikasema. "Nyuma ya mabafu."

Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa kwenye kikombe cha tatu, alikimbilia dirishani. Hakufika.

Ofisini, Mkuu aliitoa barua na kalamu. Akakaa, kiganja tumboni.

"Ungenyamaza, ningejua?"

"Hapana, Mkuu. Labda usiku, na hata hivyo usingejua sababu."

Akaichana barua. Alisema nimesema kweli mara mbili kwa siku moja, na ya kwanza ni yeye aliyeikataa kwa kiburi. Kisha akatoa masharti: tangi liwe la Kiholanzi, asione mti humo tena, na kila siku saa kumi, hadi nimalize shule, chai ya walimu nitaionja mimi kwanza.

Nilidhani nimesamehewa. Sasa ni mwaka wa pili, na kila nikiinua kile kikombe naona mafundo ya nywele yakielea. Tangi linapendeza, safu nyekundu nyuma ya safu ya kijani, na wazazi hulisifu sana. Konokono wamerudi. Kila siku, kabla ya kwenda kuonja, hupita kuwahesabu, nihakikishe hakuna aliyehamia kwenye sufuria.