Ngiri wa Upande wa Kushoto

Mimi ni dereva wa basi la shule. Huu mwaka wa kumi na tisa, na sijakwaruza hata taa ya nyuma. Watoto wananiita Breki. Wazazi wao wanaona ni utovu wa adabu, wananiomba radhi. Mimi naona ni cheti. Nikiwa na watoto arobaini na wawili nyuma yangu nafunga breki kwa ajili ya kuku, nafunga kwa mfuko wa plastiki unaopeperuka, nafunga hata nikihisi tu. Kwa hiyo anayetaka kunitoa kwenye kile kiti anitoe na kiti chenyewe.

Na walitaka kunitoa. Mwanzoni mwa mwaka nilipimwa presha, ikakutwa iko juu. Msimamizi wa usafiri wa shule, mtu anayependa karatasi kuliko magari, akanipa miezi mitatu: niishushe, la sivyo nikabidhi funguo nihamie stoo ya madaftari. Nilikwenda kuiangalia hiyo stoo. Haina dirisha. Nikarudi nyumbani nikaitoa baiskeli aliyoiacha mwanangu alipooa, nikaipangusa vumbi, nikaipanda.

Nyuma ya mtaa wetu kuna hifadhi ndogo ya msitu yenye njia za udongo za waendesha baiskeli. Nilichagua iliyo fupi kwa sababu ina kilima kimoja tu. Siku ya kwanza nilipita mawe matatu pembeni ya njia, mawe yakaruka yakipiga kelele. Kumbe kanga! Nikaulaumu ukungu. Siku ya pili nilimkuta nyani dume amekaa katikati ya njia. Akanitazama ninavyohema, akanipisha polepole, nadhani kwa huruma.

Siku ya tatu, ngiri. Nilikuwa nusu ya kilima, ulimi nje, pale alipochomoza kutoka kichakani upande wa kushoto, hatua tatu kutoka tairi la mbele. Mkia wima, meno yamejikunja nje ya mdomo, uso wa mtu aliyeamshwa vibaya. Nikasimama. Naye akasimama. Nikatulia tuli. Akanipima juu hadi chini, kisha akarudi shimoni mwake kinyumenyume, bila kugusa kitu na bila mtu wa kumwelekeza. Mimi najua ugumu wa kurudisha gari nyuma. Nilimvulia kofia.

Tangu hapo tukawa tunakutana kila asubuhi, pale pale. Nikipanda, anatoka; nikisimama, anarudi. Baadaye akatoka na watoto wawili, ndipo nikajua ni jike. Hao watoto walikuwa wananitia hasira. Wana rangi ya udongo, wanasimama njiani kama wenye njia, na ukiwasubiri wapite utachelewa kazini. Dawa yao niliigundua: usisimame. Waendee moja kwa moja, watakimbia wenyewe. Mimi Breki, nikaendesha hivyo, na nikaona raha kidogo.

Mwezi wa pili ulipoisha ikaja fomu ya afya ya madereva. Siku hizi wanaandika maandishi madogo, sijui wanabana wino, kwa hiyo nikampa mke wangu anisomee na kunijazia. Mke wangu ni mwalimu wa Kiswahili, na mwandiko wake ungeweza kutundikwa ukutani.

"Taja tatizo lolote unalokutana nalo ukiwa kwenye mazoezi," akasoma.

"Andika: ngiri anatokea upande wa kushoto ninapopanda kilima."

Kalamu ikabaki hewani. "Mara moja, au kila siku?"

"Kila siku."

"Basi usiseme anatokea. Jambo la mazoea huchukua hu. Hutokea."

"Mama, watu wanaelewa tu."

"Wataelewa zaidi." Akaandika, huku akinisomea kwa sauti ya darasani: "Ngiri. Upande wa kushoto. Hutokea nikipanda kilima. Nikisimama na kutulia, hurudi ndani. Sijapata madhara."

Nikasema safi sana, nikatia sahihi.

Sasa, jamani, hebu uisome tena kama msimamizi wa usafiri. Angeacha ile anatokea yangu, kila mtu angejua ni kitu chenye miguu. Ngiri ile ya ugonjwa, ya mshipa wa kinenani, ingeandikwa inatokea. Lakini hiyo hu ya mke wangu haibagui: mnyama hutokea, mshipa hutokea, vyote sawa. Sentensi haikuwa na kosa hata moja, na hilo ndilo lililoniponza.

Msimamizi aliniita ofisini siku mbili baadaye. Alikuwa amevaa uso wa msibani.

"Breki, pole sana. Kaa. Kaa taratibu."

Nikakaa taratibu, maana sikujua kuna nini.

"Hii ngiri una muda gani nayo?"

"Miezi miwili sasa."

"Na unaendesha watoto! Inauma?"

"Bado hajaniuma."

"Kubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Akavuta kiti chake akakaa yeye pia.

"Mzee wangu," akasema kwa sauti ya chini, "hiyo ni ya kupasuliwa. Tena haraka."

"Apasuliwe kwa kosa gani?" Nilipandisha sauti, nakiri. "Ana watoto wawili wadogo!"

Tukatazamana. Hapo ndipo akili yangu ilipofika, imechelewa kama kawaida yake.

"Msimamizi, unazungumzia ngiri gani? Huyu ni mnyama. Wa porini. Ana mkia."

Aliisoma fomu tena, kidole kikifuata mstari. "Hutokea ukipanda kilima. Ukitulia hurudi ndani. Ndani wapi, Breki?"

"Shimoni!"

Akaikunja fomu. "Kila dereva anayeogopa kisu huja na hadithi yake hapa. Yako ni nzuri, ina mkia. Lakini mimi nina karatasi, na karatasi imesema. Daktari ndiye wa kuifuta. Mpaka afute, basi litaendeshwa na mwingine."

Asubuhi iliyofuata nilisimama dirishani nikaliona basi langu likipita, huyo mwingine akilitupa kwenye kona kama gunia la viazi. Uchungu nilioupata siwezi kuueleza. Mke wangu alijua kosa limetoka wapi. Akaniambia, "Kisarufi iko sahihi," kisha akaingia chumbani, na chai ya siku ile tulikunywa kila mtu kivyake.

Daktari wa madereva ni binti wa umri wa kitinda mimba wangu, mpole, asiyecheka ovyo. Alinipima presha, akapima tena, akasema imeshuka vizuri. Akanisimamisha mbele ya bango la herufi ukutani. Nikalisoma lote mpaka mstari wa chini, haraka, kwa mbwembwe. Kisha akavaa glavu.

"Kohoa, baba."

Nikakohoa.

"Tena."

Nikakohoa hadi muuguzi akachungulia mlangoni.

"Sioni kitu," akasema daktari.

"Huwezi kuona. Yuko hifadhini."

"Lakini umeandika hurudi ndani ukitulia. Kwa hiyo kutoiona leo si ushahidi. Inajificha."

"Anajificha, ndiyo tabia yake."

"Tunasema kitu kimoja, baba."

"Hatusemi kitu kimoja hata kidogo!"

Nikamweleza yote, toka kanga hadi shimo, hadi mke wangu na hu yake. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akavua glavu. "Mimi siandiki nisichokiona," akasema. "Hiyo njia naifahamu. Jumamosi asubuhi nitakuja na baiskeli yangu. Nionyeshe huyo ngiri, nitaifuta fomu pale pale."

Jumamosi nilifika kwenye geti la hifadhi nusu saa kabla yake. Sijawahi kumwombea mnyama atoke nyumbani kwake kama nilivyomwombea yule. Tulianza kupanda, mimi mbele. Tulipofika nusu ya kilima nikasikiliza: kimya. Daktari akaangalia saa. Nikapanda hatua chache zaidi, nikahema kwa makusudi, nikahema kama mtu anayekata roho.

Akatoka. Upande wa kushoto, mkia juu, hatua tatu kutoka kwetu. Baiskeli ya daktari ikaanguka chini na daktari akawa nyuma yangu ameshika shati langu.

"Kubwa!" akasema.

"Mkubwa," nikamsahihisha. Leo ilikuwa zamu yangu.

Tukasimama, tukatulia. Ngiri akatuangalia wote wawili, akaona hatuna la maana, akaingia shimoni kinyumenyume. Daktari alicheka hadi akakaa kwenye majani, yeye asiyecheka. Alipomaliza kufuta machozi akaitoa fomu mkobani, akaiweka juu ya kiti cha baiskeli, akakata neno ngiri, akaandika juu yake mnyamapori. Chini akaandika: anafaa kuendesha. Akasaini na tarehe. Niliikunja nikaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Kiti changu hicho, nimekipata tena! Nilijisikia kijana wa miaka ishirini.

Tukaanza kushuka upande wa pili, mimi mbele, napiga mluzi. Chini kidogo, katikati ya njia, nikaona kitu kifupi cha rangi ya udongo, kimeinama. Mtoto wa ngiri. Nikamwambia daktari bila kugeuka, "Kwa huyu hatusimami. Ukimwendea anakimbia mwenyewe." Nikaiachia baiskeli.

"Dereva!" daktari akaita. "Mtoto!"

"Ndiyo, mtoto wake!"

"Mtoto wa mtu!"

Nilikamata breki zote mbili. Baiskeli ikaserereka, udongo ukaruka, tairi la mbele likagota kwenye soli ya kiatu. Kiatu kidogo cheusi. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya baiskeli yake ndogo, sweta la kahawia, mikono imejaa grisi. Ni msichana wa darasa la tatu anayekaa kiti cha pili nyuma yangu, yule anayeniuliza kila asubuhi kama nimekunywa chai. Nilimtambua alipokuwa karibu kiasi cha kumgusa.

Hakuwa ameshtuka hata kidogo.

"Shikamoo, Breki."

Nikailaza baiskeli yangu chini.

"Mnyororo umetoka," akasema. "Nilisikia baiskeli inakuja nikataka kutoka njiani. Halafu nikaona ni wewe, nikakaa."

Daktari alifika akashuka. Nilipiga magoti nikaurudisha mnyororo. Msichana akasema asante, akanipungia mkono, akaenda zake kumfuata mama yake aliyekuwa mbele akimwita. Nilimtazama akienda. Baada ya hatua kama thelathini akawa tena kitu cha rangi ya udongo.

"Baba, uliona nini pale?" daktari akauliza.

"Ngiri."

"Lakini bango ulisoma lote. Mpaka mstari wa chini."

"Lile bango ni lile lile tangu nimeajiriwa. Hata ukiligeuza lielekee ukutani nitalisoma."

Nikafungua kifungo cha mfuko, nikaitoa fomu, nikampa.

"Presha yako ni nzuri sana," akasema, kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta cha kunipa. "Na macho mengine yanatibika. Tupime kwanza. Usijihukumu hapa njiani."

"Pimeni. Lakini Jumatatu wale arobaini na wawili watakuwa barabarani wananisubiri, na wakiona ni mimi hakuna atakayesogea."

Akaichukua fomu, akakata pale alipoandika anafaa. Alitia sahihi ya pili pembeni, mkono wake ukiwa mzito. Sikuipanda tena ile baiskeli. Niliikokota kwa miguu hadi getini, daktari akiikokota ya kwake kando yangu ingawa nilimwambia atangulie. Nililia kidogo, naye akajifanya anaangalia miti. Kisha nikampigia simu msimamizi, nikamwambia yule dereva mwingine aendelee, ila kwenye kona apunguze mwendo.