Sambusa za Kuliza

Jirani yangu Sifuna, Mkenya, alitualika kwake, mtaa wa Kasubi, tuangalie Kenya ikicheza na Kongo yetu. Alisema atatupikia sambusa za mseto: zimekunjwa kwa mkono wa kwao, ndani sombe ya kwetu, yaani majani ya muhogo, na pilipili ya Bukavu inayochoma mpaka masikio. Pilipili nilimpa mimi.

Nilimkuta jikoni amejifunga mifuko ya nailoni mikononi kama mtu anayeosha maiti. Alikwangua mbegu zote za pilipili kwa kijiko, akachemsha maganda, akamwaga maji, akachemsha tena.

"Mama Heritier, hizi leo zitawaliza," akaniambia.

Nilikula nne. Zilikuwa na ukali wa uji. Wageni walimsifu kwa adabu, naye akazunguka na sahani akimwonya kila mtu akae na maji karibu.

Mechi ikielekea kuisha, Kongo ikafunga bao. Sisi tukaruka. Sifuna alibaki kwenye kiti, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Ni pilipili," akasema, akijifuta kwa shati.

Nikaenda nikamletea maji, gilasi kubwa. Nilitaka watu wote wamwone akiyanywa.