Mkaguzi Ndani ya Chujio

Tangu kiwanda cha ngozi kihamie upande wa juu wa mto, maji ya bomba yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, na binti wa fundi cherehani alikuwa ameumwa tumbo mara tatu. Jumamosi fundi akaenda dukani na mama mkwe wake kuchagua chujio.

"Hili la udongo linazuia matope," muuzaji akaeleza. "La mkaa linaondoa harufu. La tatu linatoa kila kisichotakiwa kuwemo."

"Tupe hilo," mama mkwe akasema. "Visivyotakiwa tumeshavinywa vya kutosha."

Kesho yake asubuhi maji yalitoka maangavu. Fundi alipofunua ndoo ya juu ya chujio alimkuta mkaguzi wa maji amekunja magoti, suti imelowa chepechepe, mhuri mkononi.

"Shikamoo, mama," mkaguzi akamwamkia mama mkwe.

"Marahaba. Toka humo, tunataka kupika."

Wakampa taulo. Akaeleza kwamba kila mwezi huthibitisha maji ni salama bila kuyapima, na siku hizi akilala hujikuta ndani ya bomba. Fundi akamtilia maji kwenye glasi.

"Yamechujwa haya?"

"Wewe ndiye uliyechujwa."

Akanywa glasi mbili.

Ikawa ndiyo kawaida. Kila asubuhi fundi alimtoa, akaisugua ndoo, akampigia suruali pasi. Binti akapona, akarudi kuruka kamba. Majirani walionunua la udongo walikuta matope tu kwenye ndoo zao za juu, na watoto wao waliendelea kuharisha, hivyo wakawa wanapanga foleni na madumu mlangoni kwa fundi.

"Si uandike ukweli, kaka, ulale kwako?" fundi akamuuliza siku moja, akimshonea kifungo.

"Kiwanda kitafungwa, dada. Na mwenye kiwanda ni baba mkwe wangu."

Mama mkwe akafikiri kidogo. "Wakwe ni mtihani," akakiri.

Mwisho wa mwezi mkaguzi aliomba glasi ya maji ya chujio, akainyanyua dirishani, akachovya kipimo chake kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Maji yalikuwa safi. Akaandika kwamba ameyapima mwenyewe, akagonga mhuri kwamba maji ya mji mzima ni salama, akashukuru kwa taulo na kwenda kazini. Nje, foleni ya madumu ikampisha.