Matofali Mawili Ndani ya Tangi

Mwaka ule kahawa ilipopanda bei, wanaume wa Muleba kadiri mifuko ilivyowajaa ndivyo akili zilivyowapungua. Mmoja alinunua baiskeli akawa anaisukuma kwa mkono mpaka kanisani, maana hakujua kuipanda. Mume wangu Karugendo aliwashinda wote. Alinunua choo cha kuvuta mnyororo.

Fundi Burhani alikuja nacho kutoka Bukoba mjini, akakifunga: bakuli jeupe chini, tangi la chuma juu ukutani. Bomba la serikali halikuwa limefika kwetu. Akaweka pipa la kulisha tangi kwenye mwinuko nyuma ya nyumba, na wa kulijaza nikawa mimi, kwa debe kichwani, kutoka kisimani chini ya mteremko. Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Iliyotangulia iliniharibikia kwenye mteremko huo huo, na niliogopa sana.

Usidhani kuna aliyekitumia. Karugendo mwenyewe, tumbo likimshika, alikimbilia shimo letu la zamani kwenye migomba. Choo kilikuwa cha wageni, nao walikuja kusikiliza tu. Wakishatafuna kahawa na kujuliana hali, aliwapanga mlangoni, akavuta. Ngurumo! Wazee walishika vifua.

"Tena, Karugendo!"

Naye hakuwanyima, maana alitaka kufanywa mkungu, mkuu wa kijiji, kama mtoto anavyotaka titi. Kila akivuta, nusu debe inakwenda. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi wageni walikuwa wananimaliza.

Burhani aliporudi kukaza bomba, alinikuta nimeketi mteremkoni, nimeshika kiuno.

"Pole, dada. Tumbukiza matofali mawili ndani ya tangi," akasema. "Yatachukua nafasi ya maji, na choo bado kitasafisha. Debe la kuvuta mara mbili litavuta mara tatu."

Niliyatumbukiza siku hiyo hiyo. Wiki mbili nikapumua. Kisha Karugendo akalalamika kwamba ngurumo imepata mafua, akapanda kuchungulia, akayatoa matofali, akaniita kwa sauti ya kunirudisha kwa baba yangu. Bahati nzuri Bwana Afya, Mzungu wa wilaya, alikuwa akikagua vyoo vya kijiji, akaingia. Akafurahi. Kwao wakati wa vita, alisema, watu walihimizwa kubana maji namna hiyo. Nani amebuni?

"Mimi, Bwana," akajibu mume wangu, matofali yakimchuruzikia maji mikononi.

Bwana Afya akaahidi kumleta Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya, aone. Basi Karugendo akawa mwalimu wa kubana maji. Hata watu wa Bumbire, waliozungukwa na ziwa pande zote, walivuka kuja kufundishwa. Ili waone maji yaliyookolewa, ilibidi avute bila matofali, kisha avute na matofali, kisha arudie kwa waliochelewa. Safari zangu nne za kisimani zikawa kumi. Miguu ikavimba. Nikamwambia nitampoteza na huyu.

"Vumilia, Theopista," akasema. "Tunaokoa maji."

Siku ya Bwana Shauri nyumba ilijaa. Mume wangu alihutubia mpaka koti likalowa jasho, akashika mnyororo, akavuta. Kimya. Akavuta tena, ukalia mnyororo peke yake.

"Theopista! Maji yako wapi?"

Nilikuwa kizingitini, nimekalia debe langu. Nikainuka polepole, tumbo mbele, wote walione.

"Yote yameokoka, waitu," nikamjibu kwa heshima zote. "Tangu jana hatujapoteza hata tone. Yako kisimani."

Bwana Shauri alicheka mpaka akafuta macho. Halafu akauliza choo kiko wapi, maana safari ilikuwa ndefu na amebanwa kweli. Karugendo akamwongoza kwenye migomba.

Cheo cha mkungu alipewa yule wa baiskeli. Mimi nilijifungua salama mtoto wa kike, Ephrasia. Siku ya kwanza nilimwogesha kwa nusu debe ya maji, na yakabaki.